Chipukizi wa Mwezi: Jinsi Ninavyowachagua Vijana wa Besiboli Nikiwa Louisville

Kila mwezi wa msimu wa besiboli unapokwisha, kuanzia Aprili hadi Septemba, klabu za Marekani huwatangaza vijana waliofanya vizuri zaidi katika timu zao za ligi ndogo, ambako wachezaji huandaliwa kwa ajili ya ligi kuu, kwa kawaida mpigaji mmoja (anayeupiga mpira kwa gongo) na mrushaji mmoja (anayemrushia), na wapenzi wa mchezo nao hutoa orodha zao. Mimi ni Mtanzania ninayeishi Louisville katika jimbo la Kentucky, nami nina orodha yangu. Ndugu na marafiki wameniuliza mara nyingi ninatumia kigezo gani, kwa kuwa majina ninayoyataja aghalabu si ya wale wanaoongoza kwa takwimu. Kigezo changu ni kimoja: chipukizi bora wa mwezi ni yule anayeumaliza mwezi akiwa na uwezo ambao hakuwa nao alipouanza. Aliyepata mwezi wa neema nampongeza kwa moyo wote, lakini nafasi nampa aliyekua.

Kwa asiyeufahamu mfumo wenyewe, ligi kuu ina klabu 30, na tangu mwaka 2021 kila klabu ina timu nne za ligi ndogo zinazocheza msimu mzima, jumla yake timu 120, zilizopangwa katika madaraja ya Single-A, High-A, Double-A na Triple-A, kuanzia la chini hadi la juu. Klabu ya jirani yetu ni Cincinnati Reds. Vijana wake huanzia Daytona kule Florida, wakapanda hadi Dayton katika jimbo la Ohio, kisha Chattanooga katika Tennessee, na daraja la mwisho ni hapa Louisville, ambako timu ya Bats huchezea Louisville Slugger Field, uwanja uliofunguliwa mwaka 2000 karibu na Mto Ohio. Chini ya madaraja hayo ziko timu za mafunzo huko Arizona na katika Jamhuri ya Dominika. Kupanda na kushuka kwa mchezaji huamuliwa na klabu ya juu, hivyo kocha wa Louisville hana mamlaka ya kumzuia mpigaji wake mkali hata kama timu inawania ubingwa. Sisi tuliolelewa na soka huchukua muda kulizoea jambo hili, kwamba kijana tuliyemshangilia Jumapili anaweza kuwa ameondoka Jumanne, na uwanja mzima ukafurahia kuondoka kwake.

Ugumu wa kuchagua unaanzia kwenye ufupi wa mwezi. Timu hizi hucheza siku sita kwa wiki, Jumanne hadi Jumapili, na kupumzika Jumatatu, kwa hiyo mpigaji asiye na majeraha husimama kupiga karibu mara 100 kwa mwezi. Anayefanikiwa kuupiga mpira na kufika kituo (besi) salama mara 25 katika 100 huhesabiwa kuwa wa kawaida, na anayefanikiwa mara 30 huitwa hodari. Tofauti yao kwa mwezi mzima ni mipira mitano, yaani zaidi kidogo ya mpira mmoja kwa wiki, na mpira mmoja kwa wiki unaweza kupatikana kwa upepo, kwa jua lililomwingia mlinzi machoni, au kwa mlinzi aliyeteleza kwenye majani yenye umande. Ndiyo maana sianzi na wastani wa kupiga. Tuliliona hili wazi kwa Rece Hinds, mpigaji mwenye nguvu za ajabu ambaye hapa Louisville alikuwa akitolewa kwa straiki, yaani kwa kushindwa kuupiga mpira, mara nyingi mno. Julai 2024 aliitwa Cincinnati, akaupiga mpira nje ya uzio mara 5 katika michezo yake 6 ya kwanza ya ligi kuu, na jiji zima likamzungumzia yeye. Muda si mrefu akarudishwa Louisville. Nguvu zake zilikuwa za kweli na furaha ile ilikuwa halali yake, ila tatizo la straiki lilikuwa bado halijatatuliwa, na warushaji wa ligi kuu hawahitaji muda mrefu kulitambua.

Ninachokitazama kwanza, basi, ni uhusiano kati ya straiki na besi za bure. Mpigaji akipunga akaukosa mpira, au akauacha mpira uliopita ndani ya eneo halali, anahesabiwa straiki, na zikifika tatu anatoka. Mrushaji akirusha nje ya eneo hilo mara nne bila mpigaji kupunga, mpigaji anapewa besi ya bure. Hesabu hizi mbili hutulia mapema kuliko hesabu nyingine nyingi, kwa sababu upepo na walinzi hawana sehemu ndani yake. Ni ugomvi wa mrushaji na mpigaji peke yao.

Uwanjani jambo hili linaonekana kwa macho. Kuna mrusho uitwao slaida, ambao huja mithili ya mpira wa kasi, kisha unapomkaribia mpigaji hukata pembeni na kuzama. Kijana aliyetoka kupandishwa daraja huufuata. Ukikaa nyuma ya mdakaji, yule anayeupokea mpira nyuma ya mpigaji, utaliona goti lake la mbele likifunguka mapema, mikono ikinyooka, na gongo likipita juu ya mpira ambao umekwisha kugusa vumbi. Mtazame kijana huyohuyo wiki kadhaa baadaye, akiwa tayari na straiki mbili. Slaida inakuja palepale, goti linaanza kuinama, mabega yanatulia, mikono inabaki karibu na kifua, na mdakaji anapiga magoti kuuokota mpira. Hakuna anayepiga makofi, wala kumbukumbu za mchezo hazionyeshi lolote zaidi ya mrusho mmoja ulioachwa. Mimi huliandika jina lake papo hapo, kwa maana hicho ndicho ninachokitafuta mwezi mzima.

Elly De La Cruz ndiye mfano ninaoupenda kuliko yote. Reds walimsajili kutoka Jamhuri ya Dominika mwaka 2018 kwa dola 65,000, fedha kidogo sana kwa viwango vya besiboli, akiwa na umri wa miaka 16. Alipofika Louisville mwaka 2023 kila mtu alijua ana nguvu na mbio. Shaka ilikuwa juu ya straiki. Mei mwaka huo, katika mchezo mmoja, alipiga mipira mitatu iliyoliacha gongo kwa kasi ya zaidi ya maili 116 kwa saa, karibu kilomita 187, na watu bado wanausimulia usiku ule. Katika michezo 38 aliyotuchezea aliupiga mpira nje ya uzio mara 12. Hata hivyo, jambo lililonifanya nimweke juu ya wengine wote mwezi ule ni kwamba alikuwa akipata besi za bure kwa kiwango kikubwa zaidi kuliko mwaka uliotangulia, tena mbele ya warushaji wazoefu kuliko wale wa Chattanooga. Hapo kulikuwa na mtu anayejifunza huku akipiga. Tarehe 6 Juni alicheza mchezo wake wa kwanza wa ligi kuu.

Umri hupimwa pamoja na daraja. Mchezaji wa miaka 26 anayewapiga vijana wa Double-A anafanya kazi yake, na namheshimu, lakini kijana wa miaka 19 anayestahimili daraja hilohilo kwa takwimu za wastani anatuambia makubwa zaidi juu ya kesho yake. Kwa warushaji naangalia pia jinsi klabu inavyowatumia, kwa kuwa wenye thamani kubwa huwekewa mipaka ya makusudi. Paul Skenes, aliyechaguliwa wa kwanza nchi nzima klabu zilipogawana vijana wapya mwaka 2023, aliuanza mwaka 2024 akiwa Indianapolis, timu ya Triple-A ya Pittsburgh Pirates, na kabla ya kuitwa ligi kuu mwezi Mei alirusha awamu 27 na theluthi moja tu (awamu moja huisha wapigaji watatu wakitolewa), ambamo aliwatoa wapigaji 45 kwa straiki. Wapo waliosema hawezi kuwa chaguo la mwezi kwa sababu awamu zake ni chache kuliko za wenzake. Sikubaliani nao hata kidogo. Idadi ya awamu alipangiwa na klabu, ubora ulikuwa wake.

Kuna mazingira pia, na hapa ndipo orodha nyingi zinapopotoka. Mpira hupaa kwa urahisi katika uwanja wa Charlotte, na wapigaji wa huko huonekana majabali. Dayton mwezi Aprili ni baridi inayofisha vidole, na mpira uliopigwa vizuri huanguka kabla ya uzio. Mwaka 2023 ligi ya kusini ya Double-A, ambamo Chattanooga inacheza, ilitumia katika nusu ya kwanza ya msimu mipira ya majaribio iliyopakwa kiwandani dawa ya kuifanya inate vidoleni, nayo ikawapa warushaji uwezo wa kuizungusha kuliko kawaida. Jackson Chourio, Mvenezuela wa miaka 19 aliyekuwa Biloxi katika timu ya Milwaukee Brewers ya ligi hiyohiyo, alionekana kusuasua miezi ile, na wengi wakamwondoa katika orodha zao. Mipira ya kawaida iliporudishwa, naye akarudi kuwa moto. Desemba mwaka huohuo Brewers walimpa mkataba wa miaka 8 wenye thamani ya dola milioni 82, kabla hajacheza hata mchezo mmoja wa ligi kuu. Klabu ilikuwa imemtazama yeye. Waliomwondoa walikuwa wameitazama jumla ya takwimu peke yake.

Jambo jingine ninalolipa uzito, na ambalo huenda mwenyeji hawezi kulihisi kama tunavyolihisi sisi, ni kwamba sehemu kubwa ya vijana hawa ni wageni. Wadominika na Wavenezuela wengi husaini mikataba wakiwa na miaka 16, na miaka michache baadaye wako Florida au Ohio, wanajifunza kuagiza chakula, kufungua akaunti ya benki na kumwelewa kocha kwa lugha ambayo hawakuzaliwa nayo. Kwa miaka mingi walilipwa vibaya sana. Kabla ya mwaka 2023 kima cha chini cha Single-A kilikuwa dola 11,000 kwa mwaka, na ni makubaliano ya kwanza ya chama cha wachezaji kwa ajili ya ligi ndogo, yaliyosainiwa mwaka huo, yaliyokipandisha hadi dola 26,200, na cha Triple-A kutoka dola 17,500 hadi 35,800. Nyumba za kuishi zilianza kutolewa na klabu mwaka 2022. Nasema bila kuficha kwamba ule mshahara wa zamani ulikuwa aibu kwa mchezo wenye utajiri mkubwa kiasi kile.

Hapa Louisville tupo Waswahili wengi, wakiwemo Wakongomani na Warundi waliopitia kambi ya Nyarugusu mkoani Kigoma, na baadhi yetu hufanya kazi za usiku za kupanga mizigo. Mzee mmoja kutoka Uvira ambaye hufuatana nami uwanjani hajali sana hesabu zangu, ila kila akimwona mchezaji mpya huniuliza, "Huyu mtoto amekuja na nani?" Swali lake limenisaidia kusoma takwimu za Aprili kwa uangalifu. Kijana aliyewasili nchi ya baridi wiki tatu zilizopita, analala chumba kimoja na mtu wasiyeelewana lugha, hawezi kuhukumiwa kwa mipira yake 40 ya mwanzo. Simpi nafasi kwa huruma, lakini namwekea alama ya kumfuatilia, na mara nyingi mwezi Juni ndiye anayekuwa amepanda ngazi kubwa kuliko wote.

Kwa sisi wa Afrika Mashariki macho yameanza kuwa na mtu wa kumtafuta. Mwaka 2012 watoto wa Lugazi, Uganda, walikuwa timu ya kwanza ya Afrika kucheza fainali za dunia za watoto huko Williamsport, Pennsylvania. Mwaka 2017 Gift Ngoepe wa Afrika Kusini akawa Mwafrika wa kwanza kuzaliwa barani na kucheza ligi kuu, akiwa na Pittsburgh. Mwaka 2022 Los Angeles Dodgers waliwasajili warushaji wawili Waganda, Ben Serunkuma na Umar Male, na baadaye Pirates nao wakamsajili David Matoma, mrushaji mwingine kutoka Uganda. Nawafuatilia kwa moyo wote, na najua watu wangependa niwaweke kwenye orodha mara tu wanapofanya vizuri wiki mbili. Sitafanya hivyo. Mrushaji anayeingia mwishoni mwa mchezo hupata awamu kama 10 kwa mwezi, na awamu 10 ni chache mno kumsifia mtu au kumlaumu, kwa hiyo warushaji wa namna hiyo nawapima kwa miezi miwili kwa pamoja, awe Mganda, Mdominika au mwenyeji wa Kentucky. Nikimwandika, nataka aliyeniuliza kwa nini apewe jibu la mpira, lisilotegemea ujirani.

Septemba ni mwezi wa pekee. Single-A na High-A humaliza ratiba mapema mwezi huo, Double-A hufuata, na Triple-A hucheza hadi wiki ya tatu, wakati ambapo wachezaji bora wengi wamekwisha kuitwa juu. Wapo pia wanaopita madaraja kadhaa ndani ya msimu mmoja, kama Chase Burns, aliyeuanza mwaka 2025 akiwa Dayton, akapitia Chattanooga na Louisville, na tarehe 24 Juni akiwa Cincinnati akawatoa kwa straiki wapigaji watano wa kwanza aliokutana nao, tena wa New York Yankees. Mtu wa namna hiyo nampima kwa daraja la juu zaidi alilofika mwezi huo. Septemba naiunganisha na Agosti, na orodha ya miezi hiyo miwili hutoka mwanzoni mwa Oktoba.