Mkwe ni Mimi, Mama Mkwe ni Mimi

Wa kwanza kunishauri alikuwa mchekeshaji mwenzangu, tena mkubwa kwangu kikazi. Nilipomwambia nimekubali kucheza watu watatu kwenye filamu moja ya mapenzi, ile ya vichekesho vya nguoni, alicheka akasema: "Mdogo wangu, hiyo nayo kazi? Badilisha wigi, badilisha sauti, chukua hela yako." Nikamwamini. Ushauri ule ulinilia siku mbili za kushuti, heshima yangu mbele ya watu kumi na kitu, na kiuno ambacho mpaka leo kikipigwa na baridi kinanisuta.

Niwatambulishe wenyewe. Kuna Kijana, mwoga, kapenda binti wa watu na amekuja kujitambulisha nyumbani kwao. Kuna Mama, mzazi wa binti, mwili mkubwa na mdomo mkubwa zaidi. Halafu kuna Mjomba, kaka yake Mama, mzee anayesinzia mezani, lakini kila akifumbua macho anatoa neno ambalo lingefaa libaki tumboni. Wote watatu ni mimi. Binti tu ndiye mtu mwingine, na dada aliyemcheza nitamshukuru mpaka nizikwe.

Moyo wa filamu ni sini moja ya mezani. Mama anajamba. Ningeweza kusema "anapumua", lakini filamu yenyewe haikuwa na adabu hiyo, basi na mimi sina. Kijana, kwa mapenzi, anajitwika mzigo: "Samahanini, ni mimi." Mjomba anafumbua jicho moja: "Si wewe. Huo naufahamu tangu utoto wetu." Yaani nijambe mimi, niombe radhi mimi, nijikane mimi. Kwenye karatasi ilichekesha sana. Niliisomea watu watano, wanne walicheka, wa tano alikuwa kwenye simu.

Siku ya kwanza tukaanza na Kijana kwa sababu ndiye rahisi: uso wangu, nywele zangu, shati basi. Kamera ikawekwa pale, haiguswi, nicheze upande mmoja wa meza, nikabadilike, nirudi nicheze upande wa pili, kisha mhariri aunge vipande kama fundi anavyounga vitambaa. Ufundi huo ni wa zamani sana. Mwaka 1921 Buster Keaton, mchekeshaji wa Marekani wa enzi za filamu zisizo na sauti, alijipanga jukwaani watu tisa kwa wakati mmoja, na mpiga picha wake akizungusha kamera kwa mkono, akiziba sehemu ya lenzi, akirudisha filamu nyuma na kuanza tena. Nikajiambia, kama yule aliweza tisa kwa mkono, mimi watatu kwa kompyuta ni mchezo.

Nikakaa, nikaanza kuongea na kiti kitupu. Mistari ya Mama naijua, nusu yake nimeiandika mwenyewe. Nikisema neno langu nahesabu kichwani, moja, mbili, nasema linalofuata. Mwongozaji akaona sawa. Nikaenda kuvikwa Mama. Niliporudi, saa nyingi baadaye, na kukaa kiti cha pili, ndipo nikagundua kwamba Kijana kamwachia mama mkwe wake pumzi mbili tu za kusema maneno yanayotaka karibu dakika nzima. Ikabidi niyateme. Mama yule mwenye maringo yake, aliyepaswa kumpima Kijana kwa macho kuanzia unyayo hadi utosi, akawa kama mtu anayesoma vigezo na masharti mwishoni mwa tangazo la redio. Mjomba akawa mbaya kuliko wote: msinziaji gani anajibu kabla hajaulizwa?

Jioni tukatazama vipande vikiwa vimeungwa juujuu. Ukimya. Mezani walikuwepo watu watatu na kila mmoja anangoja zamu yake. Hakuna aliyemsikia mwenzake. Na kilele chenyewe, sini niliyoringia wiki nzima: Kijana aliomba radhi ya ushuzi ambao ulikuwa haujatoka. Fundi wa sauti akauliza kwa upole kama ndivyo ilivyoandikwa. Binti akacheka, lakini kile kicheko nakijua, ni cha msibani.

Kabla sijafika siku ya pili, mwili wa Mama. Ulitengenezwa kwa sponji, tabaka juu ya tabaka, unafungwa mgongoni, na juu yake gauni. Usoni nilibandikwa mashavu na kidevu kwa gundi ya ngozi. Ndani ya saa moja chini ya taa nilikuwa nimeloa kama nimetumbukia kisimani, na sponji haitoi maji, inayatunza. Hakuna aliyeniambia kuhusu choo. Watu wawili wanifungue, watu wawili wanifunge, nusu saa imekwenda, na watu wote wamekaa wanajua ulikokwenda na kwa nini. Safari ya tatu mwongozaji alinifuata mlangoni: "Mama, tutakuwekea kiti humohumo?" Tangu hapo nilijifunza kunywa maji kidogokidogo, kwa mrija, vipodozi visiharibike, na kuuliza mapema kama zipu iko mbele au nyuma. Ukiona iko nyuma, bishana. Kiuno changu ndipo kilipoharibikia, maana niliubeba ule uzito kwa mgongo badala ya miguu. Na gundi usiibandue kwa hasira. Ina dawa yake ya kuyeyushia, tumia hiyo, subiri. Mimi sikusubiri, na nusu ya nyusi yangu ya kushoto ilichukua muda kurudi.

Siku ya pili tuliingia na hasira ya kurekebisha. Tukaweka sauti yangu irekodiwe kwanza, nicheze nikiifuata. Nafuu ikaonekana. Kisha mtu mmoja, simtaji na yeye anajijua, akapita nyuma na trei, nyonga ikagusa stendi ya kamera. Kidogo tu. Akaitazama, ikaonekana imesimama vizuri, akanyamaza. Usiku mhariri akanipigia: meza yetu ilikuwa na mpasuko katikati, upande wa Mama umepanda juu kama kitanda kilichovunjika tendegu. Juu ya hilo, mimi mwenyewe, kwa kunogewa, nilikuwa nimenyoosha mkono kumwonyesha Kijana kidole, na mkono ukavuka ule mstari wa kuungia. Ulikatika kwenye kiwiko. Mama mkwe anamtisha mtu kwa kigutu.

Mpiga picha wetu, bwana mtulivu asiyependa maneno, ndiye aliyenisimulia habari za Alec Guinness, Mwingereza aliyecheza watu wanane wa ukoo mmoja kwenye filamu ya mwaka 1949. Kuna picha moja sita kati yao wako pamoja kanisani, na husimuliwa kwamba mpiga picha wake, Douglas Slocombe, alilala studioni kando ya kamera ili asitokee mtu wa kuigusa usiku. Akamaliza hadithi, akatandaza mkeka chini ya stendi. Nilidhani anatania. Alilala pale kweli, na asubuhi miguu ya stendi ilikuwa imekandamizwa kwa mifuko ya mchanga na kuzungushiwa utepe kama eneo la ajali. Madirisha nayo akayaziba, maana jua likisogea vivuli vinasogea, na Kijana wa asubuhi hawezi kukaa na Mjomba wa alasiri. Katikati ya meza, palepale penye mstari wa kuungia, tukasimamisha jagi la maji. Ukiitazama filamu sasa utadhani ni jagi tu. Lile jagi limetuficha aibu zetu zote.

Sasa ujanja ninaojivunia, na huu sikuupewa na mtu. Tulikuwa tunaanza na mtu rahisi. Kumbe unatakiwa kuanza na mtu anayeongoza mazungumzo. Kwenye meza ile mwenye kasi ni Mama. Yeye ndiye anayenyamaza anapotaka, anamkatiza mwenzake anapotaka. Kijana na Mjomba wanamfuata. Basi Mama akawa wa kwanza asubuhi, na kwa bahati ndevu zangu zikaunga mkono uamuzi huo: nikinyoa alfajiri, ikifika saa tisa kidevu kimeshaanza kutoboa vipodozi, na Binti aliwahi kusimamisha kazi akasema hawezi kulia mbele ya mama mzazi mwenye ndevu. Mchana anakuja Kijana. Jioni, nikiwa hoi, macho yanajifunga yenyewe, anakuja Mjomba. Uigizaji wangu wa kusinzia umesifiwa. Haukuwa uigizaji.

La pili, kile kiti kitupu nilikifukuza. Nikaomba mtu akae pale, awe ananirudishia mistari. Wakaniletea kijana mmoja shabiki wangu, anacheka kila nikifungua mdomo. Hafai kabisa. Nikamchagua dada wa mavazi, ambaye tangu siku ya kwanza hakuwahi kutabasamu kwa lolote nililosema. Yule ukimtupia utani anakutazama kama umemkanyaga, na lile tazamo ndilo lilinipa woga wa Kijana. Alikuwa akikaa kiti cha Mama, ananisomea mistari ya Mama kwa sauti kavu, mimi najibu. Tukishapata uhai wake, anatoka, vipande viwili vya utepe vinabandikwa pale macho yake yalipokuwa, sauti ya Mama inachezwa kwenye kidude kidogo sikioni, na tunarudia. Sasa Kijana akawa anasikia. Sehemu bora za filamu nzima ni pale mimi sisemi kitu, namsikiliza mimi mwingine. Kuhusu hili yule mkubwa wangu hakuniambia hata neno, labda kwa sababu huwa hamsikilizi mtu.

Sauti nilibadilisha, ndiyo, lakini mwishoni. Nilianza na viatu. Mama alivaa vinavyobana, kwa hiyo kila mtu alikuwa na deni kwake. Mjomba, kandambili kubwa kuliko mguu. Kijana nilimtia kokoto ndogo kwenye kiatu cha kulia, asitulie. Ukishapata mwendo, sauti inakuja yenyewe.

Na ushuzi je? Fundi wa sauti alituletea aina tatu: mrefu wa huzuni, mfupi wa kushtukiza, na mmoja ambao sitaueleza. Tulibishana kama wabunge. Mimi nilishikilia mrefu. Tulipojaribu kwa watu wachache, mrefu ulichekesha mara moja ukaisha. Mfupi, ukifuatiwa na uso wa Kijana anayeamua palepale kwamba atabeba lawama kwa ajili ya mwanamke anayempenda, ulichekesha mpaka Mjomba alipoamka, na mstari wa Mjomba haukusikika kwa kelele. Watu hawakuwa wanacheka sauti. Walikuwa wanamcheka mpenzi. Matusi yote mengine kwenye skripti tuliyapitisha kwenye kipimo hicho, na kama theluthi hivi yakaanguka. Mengine niliyalilia.

Sikuwa na haki ya kudharau hatari ya kazi hii. Eddie Murphy, mchekeshaji wa Marekani, ambaye kwenye filamu ya mwaka 1996 alikaa mezani na ukoo mzima wa watu wanene karibu wote wakiwa yeye, na vipodozi vyake vikashinda Oscar, huyohuyo mwaka 2007 alicheza watu watatu kwenye *Norbit*. Vipodozi vikapendekezwa tena kwa Oscar, na yeye akabeba Razzie tatu, zile tuzo za kubeza, moja kwa kila mtu aliyemcheza. Mwigizaji mbaya, msaidizi mbaya wa kiume, msaidizi mbaya wa kike. Mtu mmoja! Picha ya orodha ile niliibandika kwenye kioo cha kuvalia. Mpambaji aliitoa, nikairudisha.

Gharama msiniulize kwa hesabu. Ilikwenda karibu mara mbili ya tulivyopanga, nyingi ikiwa ni gundi, sponji na siku mbili zile za ujinga. Mimi nililipwa kama mtu mmoja. Mkataba ulisema "mwigizaji", haukusema wangapi. Kabla hujasaini soma hapo.

Siku ya kuionyesha nilikaa nyuma, kofia usoni. Jagi lilifanya kazi yake. Mfupi ukatoka, ukumbi ukalipuka, Mjomba akaamka, ukalipuka tena. Kando yangu alikaa mama mmoja mtu mzima, anajipangusa machozi kwa upande wa mtandio. Taa zilipowaka akanigeukia, hakunijua.

"Yule mama anajua kuigiza," akasema. "Na yule mzee. Ila huyo kijana wangemtafuta mwingine, kawaharibia."

Nikamwambia, "Kweli mama, hata mimi nimeona."