Nilivyoanza kuelewa waini kwa chai ya rangi na ndimu

Mi ni mhudumu wa hoteli hapa Dodoma, mwaka wa sita sasa, na ile miaka miwili ya mwanzo waini nilikuwa naijua kwa rangi tu, nyekundu na nyeupe basi. Siku moja mama mmoja mtu mzima akaagiza nyekundu drai (isiyo tamu), nikampelekea nyekundu tamu, ile inayonyweka kama juisi, akaonja kidogo akaweka glasi chini akaniambia taratibu, "Mwanangu, hii siyo." Nikabadilisha, na ya pili nayo tamu. Hakugomba, aliomba maji tu. Iliniuma sana, maana tupo Dodoma, zabibu zimetuzunguka, alafu mgeni anaondoka hajaonja kitu cha hapa.

Nikaanza kusoma. Maneno nikayakariri, tanini, asidi, bodi (uzito wa waini mdomoni), lakini nikionja sijui lipi ni lipi. Aliyenifungua macho ni mzee mmoja mkulima kule Hombolo, nilimfuata msimu wa mavuno (huku tunavuna mara mbili kwa mwaka). Nikamwamkia, nikamwambia shida yangu, akachuma zabibu moja ya Makutupora, aina inayolimwa huku kwetu, nyeusi kabisa, akaibinya na vidole, juisi iliyotoka ni nyeupe! Kisha akanipa ganda nitafune. Mdomo ukakaza kama nimeng'ata ndizi mbichi. Akasema, "Unausikia huo ukakasi? Huo na rangi vyote vinakaa kwenye ganda."

Yaani hapo hapo nusu ya kitabu ikaeleweka. Nyekundu inachachuka pamoja na maganda yake ndo maana ina rangi na ukakasi, nyeupe inakamuliwa kwanza na maganda yanawekwa pembeni, rozé maganda yanakaa muda mfupi tu yakitolewa imeshapata upinki wake. Tanini ni ukakasi. Asidi ni ugwadu. Maneno tunayo toka utotoni kwenye embe bichi na ukwaju, nilikuwa nayatafuta mbali.

Nyumbani nikafanya zoezi ambalo namshauri kila mtu, halihitaji hata chupa ya waini. Chemsha chai ya rangi, acha majani humo mpaka ikolee haswa, usitie sukari. Kikombe cha pili maji ya ndimu. Onja chai, sikilizia, ulimi na ufizi vinakauka, huo ukakasi. Onja ndimu, mate yanajaa pembeni ya ulimi, huo ugwadu. Sasa tia sukari kwenye ile ndimu, utaona ugwadu kama umeondoka kumbe ndimu ni ile ile, kwa hiyo waini tamu inaweza kuwa na asidi nyingi tu na usiione. Alafu mimina maziwa kwenye chai, ukakasi unapoa. Mi nilipofika hapo ndo nikaelewa kwa nini nyekundu yenye ukakasi wanaipenda na nyama, nayo inaupoza kama maziwa.

Na hiyo drai iliyonisumbua, ingawa neno lenyewe kwa Kiingereza ni "kavu", haina uhusiano na kukausha mdomo. Hamira inakula sukari ya zabibu inaigeuza kilevi, ikiila karibu yote inabaki drai, ikikatishwa njiani utamu unabaki. Port, waini tamu ya Ureno, wanaimwagia pombe kali wakati bado inachachuka, hamira inakufa, ndo maana ni tamu na bado kilevi chake kinafika kama asilimia 20, wakati waini za kawaida nyingi zipo 11 hadi 14.

Majina ya chupa yalinichukua muda zaidi. Wafaransa wengi wanaandika mahali, hawaandiki zabibu, kwa hiyo chupa ya Chablis ni zabibu ya Chardonnay, na Sancerre nyeupe ni zabibu ya Sauvignon Blanc. Syrah na Shiraz ni zabibu moja. Chenin Blanc inayolimwa hapa kwetu asili yake bonde la mto Loire, Ufaransa, na kwangu hiyo ndo nyeupe ya kuanza nayo, iwe baridi, na samaki. Nyekundu nayo usiiache kwenye joto la mchana, kilevi kitakupanda puani, mi naitia kwenye friji nusu saa kabla ya kufungua.

Saivi mgeni akiniambia hajui anataka ipi namuuliza chai anakunywaje. Juzi baba mmoja kanijibu anakunywa ya rangi, majani mengi, sukari hataki kuiona. Nikamfungulia Makutupora drai na mbuzi choma. Wakaimaliza na mke wake, wakauliza hizi zabibu zinalimwa wapi, nikawachorea njia ya Hombolo nyuma ya risiti.