Kugeuza modeli ya plastiki ya Spitfire Mk IX (ndege ya kivita ya Uingereza ya Vita Kuu ya Pili) kuwa PR Mk XI, skeli ya 1/48

PR XI ilikuwa ya kupiga picha tu, haina silaha hata moja. Kata mizinga, sawazisha vivimbe vya juu ya mabawa, ziba matundu kwa vijiti vya plastiki na supagluu. Piga msasa ndani ya saa moja. Ukiiacha hadi kesho itakuwa ngumu kuliko plastiki na utaishia kuchimba pembeni.

Kazi yenyewe ni kidevu. Tangi la oili lilikuwa kubwa zaidi, kwa hiyo chini ya pua panatuna. Weka puti kidogo kidogo. Bonge moja husinyaa likapasuka.

Kioo cha mbele ni cha mviringo, kipande kimoja. Matundu mawili ya kamera, chini nyuma ya rubani, yatoboe kabla ya kuunganisha bodi, vioo vyake viingie kwa ndani.