Mgeni wetu na mihuri ya Sirari: jinsi tulivyopata kibali

Visa ya kawaida ya Tanzania haizidi siku 90. Mjerumani anayejitolea nasi hapa Ilemela alizoea: zikikaribia kuisha, anapanda basi la Sirari, mpakani na Kenya, anavuka hadi Isebania upande wa pili, anarudi na visa mpya. Mara ya mwisho afisa alilowesha kidole, akafunua kurasa za pasipoti taratibu, akaanza kugusa mihuri mmoja mmoja. "Dada, wewe hutembei, unaishi. Ukirudi tena uje na kibali." Kwa kweli alikuwa na hoja.

Wa kijiweni wakashauri ajaribu Mutukula, mpaka wa Uganda. Itasaidia nini, wakati pasipoti ni ileile?

Tukaomba mtandaoni kibali cha ukaazi daraja C, linalohusu wanaojitolea, watafiti na wanafunzi. (A ni la wawekezaji, B la waajiriwa.) Kazi ngumu ilikuwa kwenye barua ya mdhamini. Ya kwanza ilisema "atasaidia shughuli mbalimbali", maneno matupu. Tukaandika upya: atafundisha hisabati, shule fulani, tangu lini hadi lini, malazi analipa nani. Hiyo ikapita. Sasa akienda Sirari ni kwa safari zake tu.