Siku yangu moja: dagaa, mimba ya miezi saba na kidonge cha asubuhi

Saa 10 na nusu alfajiri simu inalia ila mtoto wa tumboni keshaamka kabla yangu, anapiga mateke tu. Napasha uji wa jana, nakunywa nusu kikombe ndo nameza kidonge, sertraline miligramu 100, dawa ya sonona, maana tumbo likiwa tupu natapika hapohapo. Mama mkwe yupo kwetu toka mwezi uliopita, kaja kutoka Sengerema. Anasikia kikombe, anauliza toka chumbani, "Mayu, umekunywa dawa ya damu?" Nimekunywa mama. Sio uongo sana jamani, ya damu nayo nameza, ila usiku.

Saa 11 nishafika Mwaloni Kirumba, soko la samaki na dagaa hapa Mwanza. Boda sipandi tena na hili tumbo, nimechukua bajaji. Sasa hivi ni giza kwa hiyo dagaa wapo wengi (mbalamwezi ikiwaka wavuvi wanapumzika), boti za visiwani zimeshusha na bei imelala. Nanusa, natafuna mmoja kuona kama ana mchanga, kuli anabeba, mimi kazi yangu mdomo tu.

Saa 2 nimekaa juu ya gunia langu. Gunia hilihili nililikalia mimba ikiwa na miezi miwili, wateja wananiuliza bei nawaangalia tu. Nilikuwa nimeacha dawa. Muuzaji wa duka moja la dawa aliniambia "dada una mimba halafu unameza vya wagonjwa wa akili?" basi nikarudi nyumbani nikatupa pakiti nzima chooni, sikumwambia mtu. Siku za mwanzo kizunguzungu na kama umeme unapita kichwani, baadae sonona ikarudi yote, silali, sili, na mtoto ndani anataka kula. Mume wangu ndo alinikokota hospitali.

Saa 4 kliniki. Pima presha, pima uzito, foleni, foleni. Daktari aliwahi kunielewesha kwamba mjamzito damu yake inaongezeka na ini linaichakata dawa haraka, kwa hiyo dozi iliyokuwa inakutosha inaweza kuwa ndogo, ndo maana nilitoka 50 nikaenda 100. Leo nimemuuliza lile linaloninyima raha, mtoto je? Akasema akizaliwa watamwangalia siku chache, wengine wanatetemeka kidogo au kulialia, mara nyingi linaisha lenyewe. Kunyonyesha ruksa, inayopita kwenye maziwa ni kidogo sana. Dada niliyekaa naye benchi yeye alikuwa kwenye valproate (dawa ya kifafa, inatumika pia kwa magonjwa ya akili), wakamhamisha kabla hajashika mimba maana ile inaweza kuharibu uti wa mgongo wa mtoto na ubongo pia. Kwa hiyo msije mkakopi dawa yangu, kila mtu na daktari wake.

Saa 8 nimerudi sokoni, nimeuza magunia mawili, mmoja kanikopa. Miguu imevimba, presha wamesema iko sawa.

Saa 1 jioni ugali na sato, mkwe kapika, nimekula mpaka nikaona aibu.

Saa 3 usiku natoa cha damu, namezea maji maana chai inazuia madini yasiingie mwilini. Mkwe anakiangalia. "Mbona cha asubuhi ni cheupe?" Mume wangu akakohoa, akajifanya anatafuta chaja. Nikasema, mama, kile cha asubuhi ni cha sonona, nilikuwa naumwa toka kabla ya mimba. Kimya. Nikasikia mpaka mbwa wa jirani.

Akaniangalia weee, alafu akasema kuanzia kesho uji ataamka kuuchemsha yeye, dawa haimezwi na uji uliolala.