Fimbo ya sentimita 80: ninavyowatafutia kazi na nyumba watu wenye ulemavu hapa Goma

Ushauri ninaopewa kila mara ni huu: «Mfundishe kwanza kushona, kazi itakuja.» Haiji. Nimeingia nyumba nyingi nikakuta cheti cha ushonaji kimefungwa vizuri kwenye plastiki ukutani, na mwenye cheti bado anaomba sabuni kwa kaka yake. Tangu niiache njia hiyo, natafuta kwanza kazi yenye mshahara, halafu mafunzo yanafanyika palepale kazini, mimi nikiwa pembeni. Marekani walianza kuitumia njia hii kwa wingi miaka ya 1980, kwa watu wenye ulemavu wa akili ambao watu walidhani hawawezi kuajiriwa, na hapa kwetu pia inatoa matunda.

Mwajiri simuulizi kama ana nafasi. Atasema hana. Namwomba nikae asubuhi moja au mbili kwenye atelie (karakana) au bulanjeri (mahali pa kuoka mikate) yake, nione ni kitu gani kinamchelewesha fundi wake mzuri. Kwenye bulanjeri moja ilikuwa ni kufunga mikate midogo: mwokaji alikuwa anaacha tanuru ili ahesabu mikate kumi kumi na kuitia mifukoni. Tukaitenga kazi hiyo iwe ya mtu mmoja, nami nikampeleka dada ambaye kuhesabu kunamshinda.

Ndiyo, kunamshinda, na bado anafunga mikate bila kukosea. Tulimwomba seremala achonge sinia ya ubao yenye mashimo kumi, safu mbili za matano. Kila shimo mkate mmoja. Sinia ikijaa, mfuko unajazwa. Shimo likibaki tupu, jicho linaliona mara moja. Kina cha shimo kisizidi sentimita mbili, maana likizidi, mkate ulio bado moto unabanwa na kupasuka wakati wa kuutoa. Upana nao uwe wa mkate mmoja na nafasi ya vidole tu, la sivyo mikate miwili inasukumwa humo. Mwokaji mwenyewe aliomba sinia ya pili kwa ajili ya zamu ya usiku, na hapo nilijua dada yule hatafukuzwa, wala hatabakizwa kwa kuonewa huruma tu.

Wiki za kwanza nakaa naye mchana kutwa, kisha asubuhi tu, kisha napita siku ya malipo. Ukiondoka ghafla, anaachwa peke yake shida ya kwanza inapotokea. Ukikaa mno, wenzake watazoea kusema na wewe badala ya kusema naye. Ndiyo maana tangu mwanzo namchagua mfanyakazi mmoja ambaye maswali yote yataenda kwake, na mimi napunguza kujibu kidogokidogo.

Mshahara uwe uleule wa wengine wanaofanya kazi ileile. Chakula cha mchana na «zawadi ya mwisho wa mwezi» si mshahara. Natembea na nakala ya sheria ya Kongo namba 22/003 ya tarehe 3 Mei 2022 inayolinda haki za watu wenye ulemavu. Mwajiri akiishika mkononi, mazungumzo yanabadilika. Na tangu benki zifungwe hapa Januari 2025, nahakikisha pesa zinaingia kwenye namba ya simu ya mfanyakazi mwenyewe, si ya shemeji.

Kwa fundi cherehani asiyetumia miguu, watu hukimbilia mota ya umeme. Umeme ukikatika, kazi imelala. Mpini wa kuzungusha kwa mkono ni imara zaidi, ila gurudumu la cherehani liwe la spoku (vijiti vyenye nafasi kati yake), kwa sababu lile lililojaa halina mahali pa kushika mpini. Mkono mmoja unakwenda kwenye mpini, kwa hiyo mishono mirefu na iliyonyooka ndiyo yake: mapazia, mashuka, sare za shule. Meza iache sentimita 70 wazi chini ili magoti yaingie.

Sasa nyumba, ambako ndiko kwenye udanganyifu mwingi. Komisioneri, yaani madalali wa nyumba, wote wana jibu moja: «Mlango ni mkubwa, papa, anapita.» Kwa hiyo naenda na fimbo ya sentimita 80 na kamba ya mita moja na nusu. Fimbo naipitisha ikiwa imelala, mlango ukiwa wazi kabisa, maana ubao wa mlango nao unakula nafasi. Kiti cha magurudumu kina kama sentimita 65. Zinazobaki ni za vifundo vya mikono, na visipopewa nafasi vinachubuka kila siku. Kamba naitandika sakafuni kwa urefu na kwa upana. Isipoenea, kiti hakigeuki, na mtu atakuwa anatoka kinyumenyume.

Lakini hata kabla ya mlango naanzia chooni. Kwenye mitaa iliyofunikwa na lava ya Januari 2002, kuchimba shimo ni kuvunja jiwe, kwa hiyo vyoo vingi vimejengwa juu na kupandiwa kwa ngazi. Ngazi tano za sentimita 18 ni sentimita 90. Kila sentimita moja ya kupanda inataka sentimita 12 za mteremko, kwa hiyo hapo unahitaji karibu mita 11, na parseli (viwanja) nyingi hazina nafasi hiyo. Naiacha nyumba hiyo hata kama chumba ni kizuri. Kiti chenye tundu na ndoo ya majivu kinasaidia mgonjwa wa siku chache, lakini mtu mzima anayefanya kazi hapaswi kumsubiri jirani aje kumwaga ndoo.

Kizingiti cha sentimita 25 hakinisumbui: mita tatu za mbao zinatosha. Mwenye nyumba akikataa simenti, mwambie mteremko wa mbao utaondoka na mpangaji. Mbao zifungwe kwa bolti, si misumari, kwa sababu magurudumu yanaitikisa misumari hadi inatoka. Juu, mbele ya mlango, paachwe tambarare. Vinginevyo kiti kinarudi nyuma huku mtu akitafuta ufunguo. Kwetu mbao hizo ziligharimu dola thelathini na kitu, pamoja na seremala.

Mkataba uandikwe kwa jina la mpangaji, mbele ya shefu wa avenyu (kiongozi wa mtaa). Sheria ya tarehe 31 Desemba 2015 inasema garanti (pesa ya dhamana anayowekewa mwenye nyumba) ya nyumba ya kuishi isizidi kodi ya miezi mitatu. Mwenye nyumba aking'ang'ania sita, kinachozidi kiandikwe kuwa kodi iliyotangulia. Mwajiri mmoja alitaka kutoa chumba nyuma ya atelie yake, nikakataa, kwa kuwa siku kazi ikiisha, mtu angelala nje usiku uleule. Ufunguo wa nyumba anao mpangaji mwenyewe. Mimi nikija nabisha hodi.

Septemba, mvua zinapoanza, napita kukaza bolti na kugongomea vipande vya tairi kuukuu kwa kukingama juu ya mbao, kila sentimita 20, maana mbao zikilowa zinateleza.