Tarehe 26 Aprili na wenyewe

Leo Muungano. Ofisi zimefungwa, runinga imejaa gwaride na hotuba, na mimi nimejifungia chumbani na daftari. Miaka yote siku hii naihesabu kuwa yetu, lakini wenyewe ni wengi, na wengine hawakuiomba.

Sisi angalau tuliichagua. Mwalimu Nyerere na Mzee Karume walitia saini Hati za Makubaliano Zanzibar tarehe 22 Aprili 1964, na wakabadilishana hati zenyewe ukumbi wa Karimjee, Dar es Salaam, tarehe 27. Kisheria Muungano ulianza kati ya hizo mbili, Jumapili ya tarehe 26, ndiyo tunayopumzikia. Nchi haikuwa hata na jina ililonalo leo. Iliitwa Jamhuri ya Muungano wa Tanganyika na Zanzibar hadi Oktoba mwaka ule ule.

Watu wa Guernica, mji mdogo wa Wabaski kaskazini mwa Hispania, hawakuulizwa. Tarehe 26 Aprili 1937 iliangukia Jumatatu, siku ya gulio. Saa kumi na nusu alasiri zikaja ndege za Ujerumani na Italia, zilizokuwa upande wa Jenerali Franco katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, zikaumwagia mji mabomu ya kubomoa na ya kuchoma kwa zaidi ya saa tatu. Idadi ya waliokufa inabishaniwa mpaka leo: serikali ya Wabaski ilitaja 1,654, wanahistoria wengi wa baadaye wanataja mamia tu. Nasema "tu" na kalamu inasita.

Upande wa Franco ukadai Wabaski wameuchoma mji wao wenyewe. Uongo huo ungeweza kupita kama si mwandishi wa habari George Steer, mzaliwa wa Afrika Kusini, aliyefika usiku ule mji ukiwa bado unawaka. Taarifa yake ilichapishwa London tarehe 28. Kinachonikera ni hiki: Steer huyu huyu alikuwa ametoka kuripoti vita vya Ethiopia vya 1935 na 1936, ambako Waitalia waliwamwagia watu mabomu na gesi ya sumu kutoka angani. Dunia ikasoma, ikafunga gazeti. Guernica ilipata mchoro mkubwa wa Picasso, karibu mita 8 kwa upana, unaotazamwa na umati kila siku Madrid. Siuonei wivu mchoro. Nawaonea uchungu Waethiopia.

Halafu Chernobyl, kituo cha umeme wa nyuklia cha Muungano wa Kisovieti, katika Ukraine ya leo. Mtambo namba nne ulilipuka saa saba na dakika 23 usiku wa kuamkia Jumamosi, tarehe 26 Aprili 1986, wakati wahandisi wakifanya jaribio ambalo, kwa kejeli ya mambo, lilikuwa la usalama. Asubuhi watoto wa mji jirani wa Pripyat walikwenda shule kama kawaida. Mabasi ya kuwahamisha yalikuja Jumapili mchana, watu wapatao 49,000 wakaambiwa wabebe vitambulisho na chakula cha siku tatu hivi. Hawakurudi kuishi tena.

Nimepiga hesabu ya saa hapa. Huko ilikuwa saa saba na dakika 23, kwa saa za Moscow. Dar es Salaam ilikuwa saa sita na dakika 23 usiku, maana yake sikukuu yetu ya mwaka ule ilikuwa imeshaingia, changa kabisa. Lakini Hispania ilikuwa saa tano na dakika 23, bado tarehe 25. Kwa saa ya ukutani pale Guernica, Chernobyl haikulipuka siku ya kumbukumbu yao, ililipuka usiku wa jana yake. Basi hizi orodha za "siku kama ya leo" tunazotumiana kwenye simu zinategemea aliyeziandika alikuwa amekaa wapi.

Na zinategemea pia nani alikubali kusema. Jumatatu tarehe 28 vipimo vya kituo cha nyuklia cha Forsmark, Sweden, viligundua mionzi kwenye viatu vya mfanyakazi, na jioni ile ndipo Moscow ikatoa tangazo fupi. Tarehe 28 Aprili tena, kama gazeti la Steer. Sioni siri yoyote hapo, ila inaonyesha muda ambao wakubwa huweza kuukalia ukweli kabla haujawatoka.

Ipo 26 Aprili nyingine, na hiyo naipenda. Mwaka 1994 Afrika Kusini ilianza kupiga kura ya kwanza ya watu wa rangi zote. Sikukuu yao, Siku ya Uhuru, ni tarehe 27, kwa sababu ndiyo siku umma ulipojipanga kwenye zile foleni zilizopigwa picha na dunia nzima. Lakini tarehe 26 ilitengwa kwa wazee, wagonjwa na walemavu, wapige kwanza. Bibi aliyeishi umri wake wote pasipo haki ya kuchagua serikali ya nchi yake alitangulia kutia kura yake sandukuni, kabla ya vijana, siku moja kabla ya ile inayoadhimishwa.